Huyu si Komba

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mama akisikia nimemwandikia mkubwa wangu bila shikamoo atanivuta sikio, mvi zangu zote hizi.

Picha yako bado iko sebuleni kwa mama, Mabatini. Si ile ya harusi. Ile uliyorudi nayo kutoka masomoni kusini mwa India: mnyama mdogo wa kijivu, mwembamba kama kijiti, macho yamejaa uso mzima, amekumbatia tawi. Unakumbuka siku ulipoitundika? Mama alitoka jikoni na mwiko wake.

"Komba huyo atoke ukutani kwangu. Wageni watasema hapa kwa walevi."

"Mama, huyu si komba. Ni loris."

"Mlevi ni mlevi, hata akibadili jina."

Maskini, wewe ambaye hata harusini kwako ulikunywa soda! Ukamkalisha mama kitini, ukaanza darasa. Komba ana mkia mrefu na anaruka. Loris hana mkia wala haruki, hutambaa tawi kwa tawi, taratibu, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Hawa wembamba wako wa aina mbili, mwekundu wa Sri Lanka na huyu wa kijivu. Komba ni binamu yake tu. Ndugu wa karibu zaidi huku Afrika ni poto, anayeishi misituni Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Nikauliza kama ana adabu. Ukasema hunawa mikono kwa mkojo wake.

"Na huyo ndiye mmeniletea sebuleni!" mama akasema.

Nikataka kujua mimi ni wa kundi gani. Ukakitazama kitambi changu. "Kiboko. Hilo halihitaji utafiti."

Halafu ukaugua. Ukakonda, yakabaki macho. Siku moja nakulisha uji wodini, ukatabasamu: "Bwana mdogo, nimehama kundi." Nilijaribu kucheka, Kaka, ikashindikana. Ukashika kidole changu, ukasinzia bila kukiachia. Ulishasema loris hushika tawi hivyohivyo, hata usingizini. Ulipoamka ukaniambia, "Nikiondoka, msimwite komba."

Nikaahidi. Niliona ni jambo dogo, kumbe sikumhesabu mama. Tangu tukuzike, kila nikienda kumwona: "Hebu pangusa vumbi hapo kwa komba." Nikimsahihisha leo, kesho anarudia. Mwishowe nikachoka. Jambo moja tu uliloniomba, nalo likawa linanitoka mkononi.

Jumapili iliyopita akaja jirani yetu anayeuza samaki Mwaloni, kamletea mama sato. Akaitazama picha.

"He, mama, mmefuga komba ukutani?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Komba yuko wapi? Umeona mkia hapo?"

"Sasa ni nani huyu?"

"Loris. Wa mwanangu."

Akainuka taratibu, akashika kiti, akashika meza, akashika ukuta, mpaka akaifikia picha. Akaifuta kioo kwa pindo la kanga yake. Mimi nikasema naenda kumtoa sato magamba. Kiboko mzima nikajificha nyuma ya nyumba, nalia na samaki mkononi.

Achia tawi sasa, Kaka. Tumeshika sisi.

Mdogo wako,
wa kundi la viboko