Pole ya Mzee Mhina

Kilole, Alhamisi jioni

Chai imepoa na sijainywa.

Miaka yote hii nimekuwa askari magereza, na sijawahi... Basi.

Mzee Mhina, mfungwa ninayemwogesha kila asubuhi na kumkumbusha kijiko kinavyoshikwa, leo alipata mgeni: mama wa yule kijana ambaye mzee alimuua kwa panga kule Handeni, ng'ombe wa kijana huyo walipoingia shambani kwa mzee. Nilimwonya kwamba mzee hakumbuki kitu.

"Akumbuke asikumbuke, mwanangu, nimekuja kumsamehe."

Nikafurahi. Nilidhani msamaha huo utasaidia lile ombi la mzee kuachiwa kwa sababu ya maradhi, ombi nililoliandika kwa mkono wangu.

Mama akaanza kueleza jinsi mwanawe alivyouawa. Mzee akalia, machozi ya kweli, akamshika mikono.

"Pole sana, mama. Aliyemuua amekamatwa?"

Mama akayatazama mavazi ya mfungwa aliyovaa mzee.

"Amekamatwa, mzee."

"Alhamdulillahi," mzee akasema, akipangusa macho. "Msikubali wamwachie."