Baba, Uliliona Goli?

Baba,

Shikamoo. Imenitoka kwa mazoea, na wa kuniitikia marahaba hayupo.

Kiharusi cha pili kilikuchukua asubuhi, alasiri wakakuzika hapo Kinondo, nami niko huku ng'ambo na panya wangu wa maabara. Kaka Bakari alinipigia: "Hatuwezi kukungoja, mdogo wangu." Najua. Maiti haingojeshwi. Lakini mimi bado nangoja, baba, wala sijui nangoja nini.

Ulikuwa ukinitania, "Yaani tumekusomesha ukakimbize panya?" Nikakueleza: panya anashikizwa kichwa, miguu anaikanyagia juu ya mpira unaozunguka. Skrini zinamwonyesha njia, na njia inasogea kadiri anavyokimbia. Sisi tunatazama sehemu ya ubongo wake inayoshughulika na kuona. Akisimama, inapoa. Akikimbia, inachangamka.

Kiharusi cha kwanza kilikukata kicheko, kikakuacha huoni. Daktari alisema macho yako ni mazima, ubongo ndio ulioumia. Wewe, refa uliyekimbia viwanja vyote toka Waa hadi Msambweni, ukawa wa kukalishwa barazani.

Nilipokuja likizo ukaniambia, "Mejumaa, nipeleke uwanjani. Nataka kukimbia kama panya wako." Nikakushika mkono, tukakimbia, kikoi umekikunja hadi magotini, Mama anatupigia kelele kwa nyuma. Ghafla ukanibana vidole. "Naliona goli! Mwanangu, wallahi naliona!"

Na kweli goli lilikuwa mbele yetu. Lakini uwanja ule uliujua tangu ujana wako. Uliliona, au ulilikumbuka? Sikuthubutu kuuliza, uso wako ulijaa furaha mno. Nikasema moyoni, nitamuuliza nikija tena.

Wiki iliyopita tulizima skrini zote. Giza tupu. Panya akakimbia, na ile sehemu ya kuona ikachangamka, ingawa hakuna alichokiona. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaenda kujifungia chooni, nikauma mkono wa koti nisisikike. Huenda siku ile ilikuwa ni miguu yako tu, si macho. Huenda... Na panya si mtu, hilo nalo nalijua. Baba, wa kunijibu ulikuwa wewe peke yako. Nimuulize nani sasa? Nimuulize nani?

Mama yuko eda. Bakari anasema hali chakula mpaka abembelezwe. Vijana wa timu walikuja kuomba firimbi yako, Mama akakataa kuitoa.

Akimaliza eda nitakuwa nimefika. Nitamlisha kwa mkono wangu ikibidi, nakuahidi. Na mtu yeyote akiniuliza habari zako, nitamwambia baba yangu alikufa akiwa ameona. Ushahidi sina. Nitasema hivyo hivyo.

Kwaheri, baba. Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako.

Mwanao,
Mejumaa