Jiwe Lako Bado Laini

Tabaka, Jumapili

Baba Kerubo,

Huku sisi wazima, ila mvua imezidi.

Ile filamu ya watu wa anga nimeiona. Wewe huko Doha unasema ni upuzi, na kina mama ninaosugua nao vinyago wamegawanyika. Kweli chombo chao kinafanana na sufuria, na mwisho hauna kichwa wala miguu. Lakini yule mke aliyeachwa duniani, anayeendelea kumwagilia mti uliokauka, kwa kuwa tu ni mumewe aliyeupanda, usimcheke.

Mdogo wako Nyakundi anataka kumalizia kuchonga yule twiga wa jiwe uliyemwacha nusu. Nimemkatalia. Kila asubuhi nalimwagia lile jiwe maji, lisikauke likawa gumu kabla hujarudi. Hujasema utarudi lini, nami siulizi.

Mkeo,
Bitutu