Herufi Ulizomnyima Mama

Kwako Yaya, kaka yangu mkubwa uliye Ulaya,

Salamu utazikuta mwishoni, maana leo nimekasirika na sitaki kujifanya. Mama hajambo. Nimekasirika kwa sababu ya ile kompyuta uliyomtumia, na zaidi kwa sababu ya yale iliyonifanya nimtendee.

Unakumbuka ukuta wa jikoni kwetu, katika kambi ya Panda hapa Likasi? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele. Mama hakuwahi kukaa darasani. Papa alipohamishiwa kazi Kambove, barua zake zilisomwa na majirani, na mambo ya nyumba yetu yakajulikana kambi nzima kabla Mama hajamaliza kuyaelewa. Wewe ukaleta chaki kutoka shuleni, ukamwandikia ukutani A kubwa kama sahani. Nilicheka, ukanigeukia: "Nyamaza weye. Ninaandika kubwa juu Mama aone." Kila Jumapili baada ya misa, herufi moja. Siku alipoweza kusoma barua ya Papa peke yake, alijifungia nayo chumbani. Alitoka macho mekundu, anatabasamu, na hadi leo hatujui kilichoandikwa.

Ni wewe huyohuyo, Yaya, uliyemtumia kompyuta yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Uliisifu sana kwenye simu. Kioo chenye nukta nyingi kuliko televisheni yetu, na ndani Linux, mfumo ulio wazi, wa bure, usiosumbuliwa na virusi. Sawa. Lakini uliupanga huku umechomeka kompyuta kwenye kioo kikubwa cha mezani kwako, kwa hiyo kila kitu ulikiona kiko sawa. Hukuchomoa waya hata mara moja ili uone Mama atakavyoona. Nilipokupigia kukuambia hasomi kitu, ulinijibu: "Usiguse mu réglages, nilishaka kupanga yote. Pengine ni macho ya Mama. Umupeleke kwa docteur."

Nami mjinga nikampeleka. Daktari akampima jicho moja, akampima la pili, akasema kwa umri wake anaona vizuri sana. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alikuwa akiniomba msamaha kwa kunipotezea siku ya kazi. Mama aliomba msamaha kwa uzembe wako, na hilo sijalimeza bado.

Basi nikawa msomaji wake. Barua zako zilipoingia nilisogeza pua hadi kwenye kioo, nikamsomea yeye ameketi pembeni. Ya kwanza sawa, ya pili sawa. Katika ya tatu uliandika kwamba hutarudi tena kuishi Likasi, kile chumba chako tutafute mpangaji. Mama alikuwa na kitambaa mkononi, ametoka kupangusa dirisha la chumba hichohicho. Nikafungua mdomo nikasoma: "Mama, asante kwa kunitunzia chumba." Barua iliyofuata uliuliza mbona hamjibu habari ya mpangaji. Nikamsomea habari ya theluji. Wewe hukuandika neno hata moja kuhusu theluji.

Usiniambie kosa ni langu peke yangu. Ungempa Mama herufi za kuonekana, nisingepata nafasi ya kusema uongo.

Wiki iliyopita mwenyewe alichoka. Akaniambia, "Minye nilijifunza kusoma. Sitaki tena banisomee kama zamani. Utengeneze ile mashini."

Nikavunja amri yako, nikaingia kwenye mipangilio. Kwanza nilipunguza idadi ya nukta: herufi zikakua, lakini zikawa na ukungu, kama unazitazama kupitia mvuke wa chungu wakati bukari inasongwa. Nikarudisha nukta zote, nikatafuta mahali pa kukuzia maandishi, nikatoa asilimia mia nikaweka mia mbili. Kila kitu kikakua, safi. Programu ya barua peke yake ikakaidi, ikabaki na mayai yake ya chawa. Ilikuwa inatosha kutoka kwenye mfumo na kuingia upya. Nililijua hilo, lakini nilikaa nikiitazama tu, kwa sababu nilijua pia barua ya tatu imo humo. Halafu nikatoka, nikaingia upya, nayo ikatii. Kazi yote ilikuwa ya robo saa, Yaya. Mwaka mzima umemnyima Mama barua zake kwa kazi ya robo saa.

Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza na barua ya kwanza, midomo ikitembea polepole. Kwenye ya tatu midomo ikasimama. Akarudi juu, akaisoma tena yote.

"Uliniambia bongo," akasema.

"Ndiyo, Mama, nilikudanganya."

"Na ile ya theluji?"

"Na ile pia."

Akaondoa kidole kwenye kioo. "Ilikuwa muzuri, ile ya theluji."

Kisha akaibeba kompyuta, akaingia chumbani kwako, akafunga mlango. Nilisimama barazani kama tulivyosimama wewe na mimi siku ile ya barua ya Papa, ila safari hii nilikuwa najua kilichoandikwa.

Alitoka macho mekundu, na hakutabasamu. Chumba hakipangishwi. Kompyuta imekaa mezani kwako, karibu na dirisha, na amesema hapo ndipo atakuwa anasomea. Halafu akanituma kwako, na haya ndiyo maneno yake, sijapunguza wala sijaongeza:

"Umuandikie yaya yako. Asipitishe tena mambo yake kwa muntu. Kama hatarudi, aniambie minye mwenyewe. Na aandike kubwa."

Hizo ndizo salamu nilizokuahidi.

Mdogo wako wa kike,
ambaye si msomaji wa Mama tena