Kwa Nini Mjukuu Wako Anaitwa Felisita

Bukavu, Zaire

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kabla dada Agnesi anayekusomea hajaanza kuruka mistari kama kawaida yake. Agnesi, soma yote, hata pale utakapocheka. Mguu wako unaendeleaje, Mama? Baridi ya huku ingeumaliza kabisa. Mji uko juu milimani, na mimi niliyezoea joto la Kigoma bado natetemeka nikioga asubuhi. Zaidi ya hapo mimi, mke wangu Nabintu na mtoto tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa dereva wa Uvira. Nilikuwa nacheka peke yangu bandarini mpaka nilipofika pale ulipouliza, "Mjukuu wangu wa kwanza wa kike, mbona hamkumpa jina langu?" Nikaikunja, nikashinda nayo mfukoni kutwa. Najua desturi ya nyumba yetu, binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba. Najua pia, kwa jinsi ninavyokufahamu, kwamba ulikwisha kuwatangazia wanawake wenzako kanisani kuwa Skolastika mdogo amezaliwa Zaire. Basi nisikilize mpaka mwisho, ndipo uamue kama nimekukosea.

Unanijua kwa kushangaa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinifuata stesheni na uji wangu, umepoa, mimi nimeganda naitazama treni. Sasa nimefika mahali pa kunimaliza. Ziwa la hapa, ninakotengeneza injini za mashua ziendazo Minova na Goma, halina mamba wala kiboko. Siku za mwanzo niliwapigia kelele watoto watoke majini, wakaniona kichaa. Wanawake nao hupanda milima na mizigo mgongoni, kamba imepitishwa kwenye paji la uso, mzigo mkubwa kuliko mwenyewe, na bado wanapiga soga. Nikiwaona huwa nasimama kando, nawapisha kama ninavyopisha sakramenti.

Lakini kubwa kuliko yote ni jambo la majina. Serikali ya huku imesema watu warudie mambo ya mababu, na majina ya ubatizo yamepigwa marufuku. Kila Mzaire aandikwe na aitwe kwa jina la kienyeji tu. Padri akimwita mtoto jina la mtakatifu mbele ya watu anaweza kufungwa. Mama mkwe wangu, Mama M'Bagalwa, anayeuza maharage sokoni Kadutu, alibatizwa Felisita. Kwa jina hilo aliolewa, na kwa jina hilo marehemu mumewe alimwita hadi pumzi ya mwisho. Sasa hakuna anayethubutu. Nilikuwa nimeoa mwaka mzima ndipo nikalijua, na Nabintu aliniambia kwa kunong'ona baada ya kufunga dirisha.

Mimba ya Nabintu ilipokuwa kubwa, mama mkwe alikuja kwetu akasimama mlangoni, uso ameuelekeza pembeni, maana mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho.

"Mukwe," alisema, "mwalimu wa hapa jirani ameniambia kitu. Kama baba iko mugeni na iko na karatasi ya kukaa, mutoto anafuataka inchi ya baba. Anaandikwa na jina yoyote, hata ya batizo. Kama baba haiko na karatasi, ni bure."

Nikamwambia sikujua hilo.

"Mutoto akikuwa mwanamuke, miye naomba kitu moja tu."

Hakukitaja, na mimi sikumwuliza. Nilimwona anavyoshika upindo wa kitenge chake, nikaelewa.

Na karatasi yenyewe sikuwa nayo, Mama. Pasi niliyoingilia Uvira ilikuwa imekwisha muda. Askari akipita bandarini, nilikuwa naingia uvunguni mwa injini na kujifanya natafuta nati. Wangeweza kunirudisha mpakani siku yoyote, nikamwacha mke na tumbo lake. Nikaona heri nijipeleke mwenyewe, nikaombe kibali cha kukaa.

Hapo ndipo ushauri wako nusura unifukuzishe nchini. Si ulinifungia tai ya baba kwenye sanduku ukasema, "Ukienda mbele ya wakubwa, vaa hii"? Nikaivaa, ile nyekundu ya mistari. Nikapiga nayo na picha za kibali. Njiani watu walikuwa wananipisha, nami nikadhani ni heshima.

Nikafika ofisini wakati bendera inapandishwa. Mama, mji wote ulisimama. Magari yalizima, vinyozi waliacha mikasi hewani, na wale wanawake wa mizigo walisimama vilevile walivyokuwa, kamba kwenye paji, jasho linawaingia machoni, wala hakuna aliyeinua mkono kulifuta. Niliogopa hata kumeza mate. Sijapata kuona watu wengi namna ile wamenyamaza kwa pamoja mchana kweupe. Wimbo wa taifa ulipokwisha, macho yote yakahamia shingoni kwangu.

Mlinzi wa mlango akanijia mbiombio. "Sitwayen!" akaita, yaani mwananchi, ndivyo huku wanavyoitana. "Ni nini hii iko ku shingo?"

"Ni tai ya marehemu baba yangu."

"Kravati? Mu Zaire? Toa! Toa mbio, mukubwa asikuone!"

Kumbe huku tai ni marufuku. Mwanamume wa heshima huvaa abakosti, koti la kufungwa hadi shingoni. Nikaivua nikaitia mfukoni, lakini ile ya kwenye picha ningeivua vipi? Mkubwa wa ofisi alizitazama picha, akanitazama mimi, akacheka, kisha akakasirika.

"Unaomba kukaa kwetu, na unakuja na kamba ya bazungu ku shingo? Rudia. Leta foto ya muzuri. Na ulete mutu wa hapa wa kukusemea."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Yule mwalimu jirani akaniazima abakosti yake. Yeye ni mrefu kama mlingoti, mikono ya koti ikanifunika hadi vidole. Nimekuwekea picha moja humu, mcheke mnavyotaka.

Upande wa mtu wa kunisemea, nilidhani atakuwa mwalimu huyohuyo. Mama mkwe akasema atakwenda yeye. Nabintu alishtuka, kwa sababu tangu siku walipochukua kitambulisho chake cha zamani, chenye lile jina, mama yake hakukanyaga ofisi yoyote ya serikali. Asubuhi ile alivaa kitenge chake cha misa, akatangulia mbele yangu njia nzima.

Mkubwa alimuuliza, "Jina?"

"M'Bagalwa."

"Unamujua huyu?"

"Ni mukwe wangu. Anatumikaka ku port. Halewake, na hapigake mutoto wangu."

"Anaitwa nani?"

Swali hilo lilimbana mama mkwe. Tangu nimuoe binti yake hajapata kunitaja jina, huniita Mukwe tu, na mbele za watu ndiyo kabisa. Nilimwona anashika tena upindo wa kitenge chake. Kisha akanyanyua uso akamtazama mkubwa wa serikali machoni, yeye ambaye hata mimi hanitazami.

"Yosefu," akasema. Alilitamka polepole, kila herufi imekaa mahali pake. "Ni jina yake ya batizo. Yeye ni mugeni, munamuruhusu."

 Karani wa kando aliacha kupiga mashine yake. Nikasema moyoni, tumekwisha, leo tunalala ndani wote wawili, na Nabintu yuko peke yake nyumbani. Mkubwa alimtazama yule mama, akainama, akaandika. Alipofika mwisho wa jina alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu:

"Na miye nilikuwaka Yosefu, zamani."

Akagonga muhuri kwa nguvu hata wino ukaruka mezani.

Kibali chenyewe ni karatasi nyembamba tu, tena cha muda, itabidi nikiombe upya kikiisha. Nje ya ofisi mama mkwe aliniomba akishike. Kusoma kwake ni kwa kuungaunga, lakini alilitafuta jina langu mpaka akalipata, akaweka kidole chini yake, karibu na muhuri wa serikali, akalia. Mimi pia nililia, Mama, pale pale barabarani, na koti la watu. Nilihisi kama niko kanisani wakati wa kengele.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Nilikwenda kumwandikisha na kibali changu mkononi. Karani akauliza jina, nikasema Felisita, akasoma karatasi yangu, akaandika.

Siku nilipomweleza mama mkwe, alimchukua mtoto akatoka naye barazani, pale wanawake wanapopita kutoka sokoni. Akaita, "Felisita! Felisita we!" Mtoto alikuwa amelala kifuani pake. Wanawake wakasimama njiani na mizigo yao, kamba kwenye paji, hawakuongea wala hawakujifuta jasho, kama wanavyosimama kwa bendera. Lakini siku ile hakuna aliyewaamuru.

Sasa nihukumu. Wewe, Mama, jina lako linaitwa sokoni, kisimani na kanisani, na padri analitaja akisoma majina ya wagonjwa. La mwenzako lilikuwa limezikwa naye yu hai. Mungu akitujalia binti mwingine atakuwa Skolastika, hilo halina mjadala. Nakuomba radhi hata hivyo, maana najua imekuuma.

Tai ya baba nimempa dereva akurudishie. Itundike mahali pakavu. Nitaivaa siku nitakapomleta Felisita Kigoma umbebe mwenyewe. Nisalimie mjomba Petro, fundi wa nyavu, umwambie habari za ziwa lisilo na mamba, ingawa hatasadiki. Msalimie shangazi Tekla aliyenifundisha kusali, na shemeji yangu, mume wa Agnesi, kama ameacha kununa. Nabintu anakupigia magoti.

Naishia hapa kwa sababu kelele zimezidi. Mtoto amelala humu chumbani, na bibi yake yuko nje barazani ameanza tena kuita, "Felisita!" Anaita, ananyamaza kidogo, kisha nasikia mtu anaitika. Nimechungulia dirishani. Ni yeye mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Yosefu