Majibu Sitini ya Karimi

Meru Mjini,
Jumapili, 14 Februari 1988.

Kwa mdogo wangu Naftaly,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe na Cicily mna afya, na kwamba jua la Siakago halijamaliza ndengu zenu. Huku tunapumua. Mama bado anasumbuliwa na goti, lakini shamba lake la viazi kule Kibirichia amelilima mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Habari njema zimeishia hapo.

Sasa niseme bila kuzunguka. Karimi wangu alipoteza nafasi ya kidato cha kwanza Jumanne tarehe 3 Novemba mwaka jana, asubuhi, katika karatasi ya Kiingereza. Hesabu alipata 84, Kiswahili 79, sayansi 81. Kiingereza 38. Mtoto niliyekuletea kwa mkono wangu akae kwako miaka miwili, kwa sababu wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza kwetu, na mimi niliachia darasa la saba.

Barua yako ya Januari niliisoma mara tatu. Ulisema ati ana kichwa kigumu, anabishana na walimu, na afadhali nimpeleke kwa fundi akajifunze kushona. Sikujibu. Nilitaka kwanza nihesabu.

Unakumbuka kile kijitabu chako cha kutayarisha watoto kwa mtihani. Ulikiandika kwa mkono, ukaniletea Julai nikipige chapa hapa ofisini kwangu: koma inakaa wapi, herufi kubwa inaanza wapi, alama ya kuuliza iingie ndani ya alama za kunukuu au ibaki nje, halafu maswali sitini ya kuchagua A mpaka D. Mwishoni ukurasa wa majibu. Nilikutolea nakala mia moja na ishirini.

Wiki iliyopita mke wangu Ntinyari alikuwa akisafisha sanduku la shule la Karimi, akapata karatasi yake ya yale maswali. Imesahihishwa 19 kwa 60. Nikatoa ukurasa wako wa mkono, ambao bado uko kwenye droo yangu, nikalinganisha moja moja. Naftaly, mtoto alipata 54. Swali la kwanza mpaka la 13 hakuna shida. Kuanzia la 14, majibu ya kijitabu yamepanda nafasi moja: jibu la 15 limekaa kwa 14, la 16 kwa 15, hivyo hivyo mpaka chini.

Nikamwita Karimi anieleze. Alisema wanafunzi walibadilishana karatasi darasani, kiranja akasoma majibu, kila mmoja akamsahihishia mwenzake. Yeye akainua mkono akasema kuna jibu limerukwa. Ukamwambia kitabu kimeandikwa na mtu aliyeenda chuo, na kama yeye ni Malkia wa Uingereza basi aje mbele afundishe. Darasa likaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo jina likawa Kwini, hata wakienda kuchota maji: ati Kwini, koma yako imeanguka, okota! Najua hukutaka ionekane unapendelea mtoto wa nduguyo. Lakini ulimwandikisha yale majibu mabaya mara kumi kila moja. Siku ya mtihani, anasema, alikuwa akitia alama kwa jibu analolijua, kisha anasikia kile kicheko, anafuta, anachagua lingine. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Nilimwambia alikuwa sahihi tangu mwanzo. Akanijibu polepole, bila hasira, kwamba mimi kazi yangu ni kupiga chapa tu. Hataki kurudia darasa. Anashinda kwa nyanya yake akichagua viazi vya mbegu, na mtu akimsalimia kwa Kiingereza anatazama chini.

Hapa ndipo kalamu imenikatalia siku nne. Niliyeruka jibu la 14 ni mimi. Kiingereza ninakipiga vidole vikienda, kichwa hakijui, lakini namba ninazijua. Nilipofika chini nilibaki na swali la sitini bila jibu. Nilijua kuna mahali nimeruka. Stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, ilikuwa ya mwisho, na gari la kupeleka mzigo Siakago lilikuwa linapiga honi nje. Nikaandika C, nikafunga. Nilijiambia kosa moja kwa sitini si kitu. Sikutaka kuhesabu kwamba yalikuwa arobaini na saba.

Na si hilo tu. Septemba Karimi aliniandikia. Aliomba nitazame ukurasa wako wa mkono, swali la 14 peke yake. Droo iko karibu na goti langu nikikaa. Sikuifungua. Nilimrudishia mistari miwili, kwamba amtii baba yake mdogo na aache maringo. Niliogopa ungesema, mnashangaa nini, si aliyepiga chapa ni mtu wa darasa la saba.

Kwa hivyo sikuachilii, wala sijiachilii. Wewe alikuonyesha kosa ukamcheka. Mimi aliniuliza nikamnyamazisha.

Umeagiza nakala mia mbili za mwaka huu. Sitatoa hata moja ukurasa ule ukiwa hivyo. Na hapa Meru nafasi za kurudia darasa la nane zinafungwa Jumatatu tarehe 29. Langu nitamwambia mwenyewe, lakini kuhusu Kiingereza hawezi kuniamini mimi. Atamwamini mwalimu aliyemwambia amekosa. Nataka uje Jumamosi tarehe 27, ukae mbele yake na ile karatasi, upitie majibu yote sitini, umwambie kwa mdomo wako yapi yalikuwa sawa. Nitakuwa nimekaa hapo hapo.

Mama anakusalimu, Ntinyari pia. Cicily mpe salamu zake za peke yake, yeye hana kosa.

Usiniandikie tena habari za kichwa kigumu. Utakuja au hutakuja? Niandikie neno moja, linifikie kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 26.

Ni mimi ndugu yako mkubwa,
Marete