Mashine Hiyo Isiwashwe

Karakana, Alhamisi mchana, 9 Mei

Kwako dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Shemeji hajambo? Na pacha, bado wanagombania mto mmoja? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hautulii.

Nimempa barua hii dereva anayeleta pampu mpya ya dripu wodini kwako, maana simu ya wodi haipokelewi tangu jana, na yako najua unaifungia kabatini ukiwa zamu. Isome kabla hujafungua sanduku.

Unajua nilipewa kazi ya kuandaa programu ya pampu hiyo. Bosi alisema nichague njia. Ya kwanza ni kuchora: unachora visanduku na mishale kuonyesha pampu inaanza, inasukuma dawa, inasimama; kisha kompyuta inasoma mchoro na kuandika yenyewe maagizo ya mashine. Ya pili ni kuyaandika maagizo hayo kwa mkono, moja moja, hadi kila mzunguko wa mota. Mwenzangu tunayemwita Kobe aliitaka hiyo ya pili. Alinicheka kwamba moto wa kuchorwa hauchemshi maji. Bosi akamjibu kuwa maandishi ya Kobe anayaelewa Kobe na Mungu wake, na Kobe akistaafu atabaki Mungu peke yake. Tulicheka sana. Nikachagua mchoro, maana hata wewe ungeutazama ukauelewa.

Juzi tuliijaribu mezani kwa maji. Kwenye mchoro, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, pampu inasimama papo hapo, kwa kuwa mshale hauna uzito. Mota ya kweli inao. Iliendelea kuzunguka, maji yakatiririka kwenye glasi. Wewe ndiye uliyeniambia kuwa dawa ya moyo ikizidi kidogo tu, mgonjwa harudi. Nikaingia kwenye yale maagizo yaliyoandikwa na kompyuta, nikaongeza breki kwa mkono wangu. Ikasimama vizuri. Nikalala usingizi wa mtoto.

Jana jioni bosi alibadilisha rangi ya kitufe kwenye mchoro, rangi tu, akaiamuru kompyuta iandike upya. Ikaandika upya kila kitu. Breki yangu haikuwemo kwenye mchoro, kwa hiyo ikafutika. Leo asubuhi nimeijaribu, maji yakatiririka tena. Nikamweleza bosi. Alisema nisimtie hofu, mchoro ni ule ule, na daktari wenu anaisubiri kwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Akanituma niipakie garini pale pale, bila kunipa nafasi ya kuirudisha breki.

Dada, sasa nikuambie nililofanya, na dereva asijue. Nimeipakia, lakini nimeing'oa fyuzi. Ninayo mfukoni, naishika kila nikisikia viatu vya bosi kwenye korido. Mashine haitawaka. Watanipigia, nitasema ukweli, na huenda nikafukuzwa. Siogopi hilo. Naogopa kwamba fyuzi kama ile haikosi kwenye droo ya fundi umeme wa hospitali yenu. Akija nayo, simama mbele yake. Akikushinda, usikiamini kitufe: bana mpira wa dripu kwa vidole vyako, usiuachie mpaka nifike.

Nakuja kwa basi la jioni. Wabusu pacha, na shemeji asinisubiri kwa chakula.

Mdogo wako,
Kitindamimba